Filta ya kuosha au ya karatasi? Kwa barabara ya Mlimba, vumbi ndilo linaloamua

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Katika jedwali lake Kilombero ina mistari miwili, mmoja wa Ifakara na mwingine wa Mlimba, na wa Mlimba huwa juu kwa sababu mafuta yake yamesafiri zaidi. Basi mtu akifika kijiweni au gereji na kusema ana kifaa kinachopunguza ulaji wa mafuta, ni kawaida watu kusogea kumsikiliza.

Kifaa kimojawapo ni filta ya hewa ya kuosha. Mafundi wengi huiita ea klina ya kuosha, au ea klina ya mashindano. Inauzwa kwa ahadi tatu: gari litaongeza nguvu, litakula mafuta kidogo, na hutanunua filta nyingine tena.

Ahadi hizo zina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ulipimwa mahali ambako barabara si kama ya kutoka Ifakara kupitia Mbingu, Mngeta na Chita hadi Mlimba. Kwa msikilizaji mwenye haraka, jibu letu ni hili: kwa gari dogo, Noah, Hiace au Canter inayofanya kazi kwenye vumbi letu, filta ya karatasi iliyo nzima na inayobadilishwa kwa wakati ni salama zaidi, na kwa wengi ni nafuu zaidi. Kwa bodaboda habari ni tofauti kidogo, kwa sababu pikipiki nyingi tayari zina filta ya kuosha na wenyewe hawaitunzi. Mwenye nafasi asome hadi mwisho, maana sababu zake ndizo zitakazomsaidia siku muuzaji mwingine atakapokuja na maneno mengine.

Mapipa 45 ya hewa kwa kila lita

Injini haili petroli peke yake. Ili lita moja ya petroli iungue vizuri inahitaji takriban lita 9,000 za hewa. Ukiweka kwenye mapipa ya lita 200, hayo ni mapipa 45. Bodaboda anayechoma lita 3 kwa siku, injini yake imevuta mapipa 135 ya hewa kati ya asubuhi na jioni. Hewa yote hiyo imepita kwenye filta moja unayoweza kuishika kwa mkono.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, malori yanatoa mpunga mashambani na kila linalopita linaacha wingu nyuma yake. Ndani ya wingu hilo mna chembe za mchanga laini ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zinazoleta madhara makubwa ni ndogo kuliko upana wa unywele, na huwezi kuiona moja moja kwa macho. Zikiingia kwenye injini zinachanganyika na oili, na mchanganyiko huo unafanya kazi ya msasa. Ringi zinalika, silinda inapanuka, injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Baada ya hapo fundi anakwambia maneno ambayo hakuna mwenye chombo anayependa kuyasikia: injini ishushwe.

Kwa hiyo filta ina kazi mbili. Ipitishe hewa, na izuie vumbi. Kila anayetengeneza filta anapima uzito wa kazi hizo mbili, na hapo ndipo tofauti ya karatasi na ya kuosha inapoanzia.

Zinavyofanya kazi

Filta ya karatasi ni karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi ili eneo liwe kubwa ndani ya boksi dogo. Chembe zinakwama juu ya karatasi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba karatasi iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya kabisa, kwa sababu vumbi la kwanza lililokwama linakuwa kama kichujio cha pili. Ubaya wake ni kwamba siku moja inajaa, na ikijaa hutupwa.

Filta ya kuosha ya mashindano imetengenezwa kwa tabaka za kitambaa cha pamba zilizobanwa kati ya nyavu za waya na kulowanishwa mafuta maalumu. Matundu yake ni makubwa kuliko ya karatasi, kwa hiyo hewa inapita kwa urahisi. Kinachonasa vumbi ni yale mafuta. Jina linalojulikana zaidi ni K&N, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 huko Riverside, California, nchini Marekani, na kazi yake ikakulia kwenye mashindano ya pikipiki na magari.

Aina ya tatu ni sponji yenye mafuta, iliyomo kwenye pikipiki nyingi. Ya nne ni bakuli la oili, ambalo wazee wa trekta wanalijua vizuri. Massey Ferguson 135 inalo, na mashine nyingi za dizeli za pawatila na za kukobolea mpunga zinalo pia. Hewa inapigwa kwenye oili, vumbi zito linabaki huko, kisha oili chafu inamwagwa na kuwekwa nyingine. Kwa hiyo wazo la filta inayosafishwa na kutumika tena si geni bondeni kwetu. Limekuwepo muda mrefu kabla ya wauzaji wa leo.

Ahadi ya kwanza: nguvu

Ni kweli kwamba filta ya pamba inaweza kuongeza nguvu kidogo. Lakini nguvu hiyo inaonekana pale injini inapohitaji hewa yote inayoweza kupata, yaani mguu umekanyaga mafuta hadi chini na injini inazunguka kwa kasi kubwa. Hiyo ndiyo hali ya mashindano. Kwenye njia yetu, dereva anakwepa mashimo kwa kilomita 30 au 40 kwa saa. Mguu uko nusu, na kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta kiko nusu pia. Kilango kikiwa kimebana hivyo, kuifanya filta iwe wazi zaidi ni sawa na kupanua geti la uani huku mlango wa nyumba ukiwa umefungwa nusu.

Tena magari ya mashindano yanatunzwa na kundi zima la mafundi, na injini hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Hata hivyo wenyewe wanaliogopa vumbi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilijulikana duniani kwa tope na vumbi lake. Toyota Celica zilizotamba kwenye mashindano hayo miaka ya mwanzo ya 1990 zilifungwa bomba refu la kuvutia hewa kutoka juu, karibu na paa, mbali na maji na vumbi la chini. Yaani hata timu tajiri zilihangaika kwanza kutafuta mahali pa kuvuta hewa iliyo safi.

Ahadi ya pili: mafuta

Ahadi hii ndiyo inayouza zaidi kwetu, na ndiyo dhaifu zaidi.

Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima magari ya petroli yenye filta safi na kuyapima tena yakiwa na filta iliyozibwa kwa makusudi. Hayo yalikuwa magari ya kisasa, yenye kompyuta na nozeli badala ya kabureta. Matokeo yaliwashangaza wengi: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Sababu ni kwamba kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia na kupunguza mafuta yalingane nayo. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchanganya mwendo, kwa asilimia 6 hadi 11.

Sasa fikiria. Ikiwa filta iliyozibwa kabisa haiongezi ulaji wa mafuta kwenye Noah au IST, itakuwaje kuondoa karatasi safi na kuweka pamba kupunguze ulaji huo? Faida hiyo haina mahali pa kutokea.

Kwa injini za kabureta mambo ni tofauti. Maelezo ya serikali ya Marekani kwa madereva ni kwamba gari la zamani la kabureta likibadilishiwa filta iliyoziba linaweza kuokoa asilimia 2 hadi 6 ya mafuta. Kabureta haina kompyuta, kwa hiyo hewa ikibanwa, mafuta yanazidi. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za kabureta. Kwa hiyo dereva wa bodaboda anaweza kweli kuokoa mafuta kupitia filta, ila anayaokoa kwa kuwa na filta safi, iwe ya karatasi au ya sponji. Haimlazimu kununua ya bei kubwa.

Kwa gari la dizeli, kama Fuso au Canter, filta iliyoziba inaleta moshi mweusi na kupunguza nguvu mlimani. Dawa yake ni ile ile, kuweka filta safi kwa wakati.

Ahadi ya tatu: unanunua mara moja

Hapa tupige hesabu. Bei zinatofautiana kwa kila gari, kwa hiyo chukua namba zako mwenyewe uziweke mahali pa hizi. Tuseme karatasi ya gari lako ni shilingi 20,000 na ya kuosha ni shilingi 200,000. Moja ya kuosha ni sawa na karatasi 10. Kama unabadilisha karatasi kila baada ya miezi mitatu, karatasi 10 zinakufikisha miaka miwili na nusu. Hapo ndipo ya kuosha inaanza kukurudishia pesa, na bado hatujahesabu sabuni yake maalumu na mafuta yake maalumu.

Hizo sabuni na mafuta ndizo kikwazo kikubwa. Filta ya pamba huoshwa kwa dawa yake na kusuuzwa kwa maji ya mkondo mdogo yanayotoka upande safi kwenda upande mchafu. Inaachwa ikauke yenyewe, bila moto na bila upepo wa kompresa. Kisha inapakwa mafuta yake kwa kipimo. Yakiwa machache, vumbi linapita. Yakizidi, yanaweza kuvutwa na hewa hadi kwenye sensa inayopima hewa, na kwenye magari mengi ya kisasa hiyo huwasha taa ya injini na kuharibu mwendo. Wakati inakauka gari limesimama, au linatembea bila filta, na hili la pili ni balaa. Ukiwa Mlimba na dawa hizo hazipatikani duka la spea la karibu, utashawishika kuosha kwa petroli na kupaka oili ya injini. Ukifanya hivyo, ile filta uliyoinunua kwa bei kubwa haipo tena. Umebaki na kitambaa ambacho hakuna aliyekipima.

Watengenezaji husema filta hizo zinaweza kwenda maelfu mengi ya kilomita kabla ya kuoshwa. Hilo ni kwa barabara za lami. Wao wenyewe wanasema kwenye vumbi ioshwe mapema zaidi, na kwetu mapema ina maana ya mara nyingi kila kiangazi.

Tofauti ya asilimia mbili

Filta hupimwa maabara kwa kumwagiwa vumbi lenye kipimo maalumu. Vumbi la kipimo linalotumika duniani kote asili yake ni jangwa la Arizona, Marekani. Filta nzuri ya karatasi hunasa zaidi ya asilimia 99 ya vumbi hilo. K&N yenyewe imekuwa ikitaja asilimia 96 hadi 99 kwa filta zake.

Asilimia 97 na 99 zinasikika kama kitu kimoja. Geuza hesabu uangalie kinachopita. Vumbi la gramu 100 likifika kwenye filta ya asilimia 99, gramu 1 inaingia kwenye injini. Likifika kwenye ya asilimia 97, zinaingia gramu 3. Ni vumbi mara tatu. Kwa mtu anayeendesha kwenye lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, vumbi linalofika kwenye filta ni dogo na tofauti hiyo huenda asiione kamwe. Kwa anayepanda na kushuka Mlimba kila siku nyuma ya malori, tofauti hiyo inajilimbikiza kwenye silinda yake msimu hadi msimu.

Kinachoua injini zetu zaidi

Pamoja na hayo yote, injini nyingi za hapa haziuliwi na uchaguzi kati ya pamba na karatasi. Zinauliwa na mazoea, na mazoea hayo ni manne.

La kwanza ni kupuliza karatasi kwa kompresa kila wiki. Upepo mkali unatanua matundu na kuchana mikunjo. Kwa macho filta inaonekana nyeupe na safi, kumbe imetoboka. Kuna pia karatasi ambazo kiwandani zimelowanishwa mafuta. Hizo hazipulizwi wala haziombwi muda wa ziada, zikichafuka zinabadilishwa.

La pili ni kuosha karatasi kwa maji au petroli. Karatasi ikilowa inalegea na gundi yake inaachia.

La tatu ni kuendesha bila filta, "mpaka kesho nikipata hela". Kiangazi, siku hiyo moja inaweza kuingiza vumbi kuliko miezi ya filta nzima.

La nne ni filta isiyokaa sawasawa. Mpira wa pembeni umekatika, klipsi za boksi zimepotea na limefungwa kwa waya, au bomba la mpira linalotoka kwenye boksi limepasuka. Hewa hupita penye njia rahisi. Ukiwa na pengo la upana wa kidole, haijalishi filta yako ni ya shilingi ngapi. Kwenye Land Cruiser, Hilux na matrekta mengi kuna pia kimpira kidogo chini ya boksi la filta, kazi yake ni kutema vumbi zito. Wengi wanakiona kimekatika na kuziba tundu kwa kitambaa, na kumbe kimpira hicho ndicho kinachoirefushia filta maisha.

Nani analipa?

Hapa ndipo suala la filta linapoacha kuwa la ufundi tu. Pikipiki nyingi za bodaboda si za anayeziendesha. Dereva anapeleka hesabu kwa bosi kila siku au kila wiki, au yuko kwenye mkataba ambao mwisho wake pikipiki itakuwa yake. Dereva anayepeleka hesabu anaona filta ni jukumu la bosi. Bosi anaona matengenezo madogo ni ya dereva. Katikati yao filta inabaki vile vile kiangazi chote. Injini ikifa, bosi amepoteza mtaji na dereva amepoteza kazi. Aliye kwenye mkataba anaumia zaidi, kwa sababu siku pikipiki inapokuwa yake kwa karatasi, injini yake imekwisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa kijana aliyeajiriwa kwenye Noah ya abiria na kwa kikundi kinachomiliki pawatila kwa pamoja. Kitu cha wote hakina wa kukisafisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye injini ukuta huo ni pistoni, ringi, kuchonga bloku na siku za kukaa bila kazi.

Kwa hiyo kabla ya kubishana filta ipi, mwenye chombo na dereva wakubaliane mambo mawili na kuyaandika: nani anaikagua, na pesa inatoka wapi. Kiasi kidogo kikitengwa kwenye hesabu ya kila wiki kinatosha.

Ufanye nini kuanzia sasa

Fungua boksi la filta ujue una aina gani. Kama ni sponji, ioshe kwa maji ya sabuni, ikamue bila kuisokota, iache ikauke kivulini, ipake mafuta ya filta au oili safi kidogo kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, kisha ikamue tena hadi isidondoke. Sponji iliyoanza kumegeka ibadilishe.

Kama ni karatasi, washa tochi ya simu uiweke upande wa ndani mahali penye giza. Ukiona nukta za mwanga mkali, imetoboka. Kama ni lazima kuondoa vumbi ukiwa njiani, igonge taratibu kwenye kiganja na usitumie upepo. Halafu nunua nyingine.

Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba la hewa, baada ya filta. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja au filta yako haichuji. Kipimo hiki hakina gharama, na kinafaa kwa aina zote, pamoja na ile ya kuosha.

Kagua mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa barabara nzuri. Magari mengi tuliyo nayo yalitengenezwa yatembee kwenye lami ya Japani. Kiangazi kaguo liwe kila wiki kwa chombo cha biashara.

Nunua dukani kwa risiti, na linganisha filta mpya na ya zamani kwa urefu, upana na unene wa mpira kabla hujaondoka. Filta za bandia zipo, na jina kubwa kwenye boksi si uthibitisho. Ukiuziwa bandia, risiti ndiyo itakayokusaidia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC.

Na kama tayari una filta ya pamba, huna haja ya kuitupa. Tafuta dawa zake kamili, ioshe na kuipaka kwa kipimo, weka karatasi ya akiba ya kutumia wakati ile inakauka, na pima bomba kwa kitambaa cheupe. Mwenye uvumilivu huo inaweza kumfaa, hasa akitembea zaidi upande wa lami.

Siku lami itakapofika Mlimba, hesabu hizi zitabadilika na tutazipiga upya. Kwa kiangazi hiki, muuzaji akikwambia filta yake inaruhusu hewa nyingi zaidi, mwulize swali moja tu: na vumbi je, inaruhusu kiasi gani?